Sura ya Tatu: Upepo Haukazi Nati

Paa la hospitali lilikuwa bado na madimbwi ya mvua ya jana, na Inspekta aliyakanyaga yote bila kuyaona. Macho yake yalikuwa kwenye sahani nyeupe ya chuma, ukubwa wa ungo, iliyofungwa juu ya bomba ukingoni mwa paa ikitazama bondeni. Wenzake kazini walimwita Kobe. Alilijua jina hilo na hakulichukia. Mwanamke yule hakuwa na haraka, lakini akishika njia haiachi.

"Hii ndiyo iliyoua?" aliuliza.

"Haijaua, afande," alisema Fundi wa Mtandao. "Imekatika tu. Vitu hukatika."

Alikuwa mwanamume mwembamba, shati limepigwa pasi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakuna aliyelala hospitalini hapo. Jana jioni, katika kliniki ya ng'ambo ya mto, mama mmoja alijifungua salama, kisha kondo la nyuma likakwama na damu ikaanza kumwagika. Kliniki haina daktari. Ina mkunga, ana tableti, na ndani ya tableti yumo daktari wa uzazi aliyeko huku hospitali kuu, anamwona na kumwelekeza hatua kwa hatua. Katikati ya maelekezo picha ikaganda, sauti ikakatika, na Mkunga akabaki peke yake. Gari la wagonjwa lilipomaliza kuzunguka njia ndefu, mama yule alikuwa amekwisha kukata roho. Mtoto yu hai.

"Nieleze kama unamweleza shangazi yako," alisema Inspekta. "Huu mtandao wenu unafanyaje kazi?"

Fundi alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo mgongo wake ulivyonyooka. Mafuriko yalichukua daraja pamoja na nguzo za simu. Simu za mkononi hazishiki bondeni. Kwa muda mrefu hospitali ilituma ujumbe kwa pikipiki, na mara nyingine jibu lilifika mgonjwa ameshazikwa. Ndipo alipokuja yeye. Mkongo wa intaneti unafika hospitali kuu kutoka mjini. Hapo juu ya paa unarukia hewani, bila waya, mpaka kwenye sahani nyingine iliyo juu ya tangi la maji la kliniki. Tangu hapo picha za eksirei zinavuka bonde kwa dakika, majibu ya maabara yanarudi, dawa zinaagizwa kabla hazijaisha, na daktari mmoja anahudumia sehemu mbili. Wakubwa wa hospitali nyingine walikuja kutazama, wakapiga picha wakiwa wamemshika bega.

"Zile mbili zinatazamana," alimalizia. "Zikitazamana, zinaongea."

"Na hii sasa inatazama wapi?"

Fundi alisita. "Imeenda kushoto. Upana wa kiganja hivi. Lakini kiganja kimoja hapa, kule ng'ambo ni shamba zima."

"Nani kaigeuza?"

"Upepo. Jana ulivuma mpaka mabati ya jikoni yaling'oka."

Inspekta akachuchumaa, akaomba spana. Akaivalisha kwenye nati ya kwanza, akavuta. Haikutikisika. Akampa Koplo, kijana wa mabega mapana aliyekuwa akiandamana naye. Koplo akavuta kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nati ikabaki pale pale. Wakajaribu zilizobaki, zote vile vile.

"Na hii rangi nyekundu?"

"Alama yangu. Nikishakaza, napaka mstari mmoja, nusu kwenye nati, nusu kwenye chuma. Mstari ukikatika, ninajua nati imezunguka." Alisema kwa fahari ya mwalimu, kisha akameza mate.

Mistari yote ilikuwa imekatika. Inspekta alimwashiria Koplo apige picha, akaagiza sahani isiguswe mpaka aseme.

"Mara ya mwisho ulipanda huku lini?"

"Wiki iliyopita."

"Jana jioni?"

"Nilikuwa chumba cha mitambo, chini. Peke yangu."

"Kuna mtu anakuonea donge hapa?"

Fundi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Nani asiyenionea? Lakini ufunguo wa paa anao mmoja tu zaidi yangu. Muulize Mama Simu."

Kwenye ngazi, Koplo hakuweza kujizuia. "Afande, tumempata. Huyo Mama Simu."

"Upepo ukigeuza sahani, nati zinakuwa zimelegea," alisema Inspekta. "Ndiyo maana inageuka. Aliyeigeuza hii alilegeza, akageuza, kisha akakaza tena. Upepo haukazi nati."

"Mwizi gani anafunga mlango akitoka?"

"Aliyezoea kufunga milango. Mkono wa fundi huo, haujui kuacha kitu kimelegea."

Koplo akasimama. "Basi ni Fundi mwenyewe! Tumkamate."

"Avunje nyumba aliyoijenga, iliyompa jina na sifa? Nipe sababu, nami nikupe pingu."

Koplo hakuwa na sababu. Alikuwa na hamu tu. Mwenzake aliyeanza naye kazi siku moja alipandishwa cheo juzi, na tangu hapo kila kesi aliiona kama ngazi anayonyimwa.

*

Chumba cha Mama Simu kilikuwa chini ya ngazi. Zamani kilikuwa na wanawake watatu na ubao mkubwa wa simu wenye nyaya na matundu. Sasa alibaki yeye na ubao, na ubao ulifunikwa kitambaa cha kufuma kama maiti ya mtu mwenye heshima.

"Shikamoo, mama," alisema Inspekta.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kukuuliza."

"Kuuliza si ujinga. Kaa." Akajisogeza, na goti lake likalia. "Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa hospitali hii. Mganga mkuu hakuweza kuongea na mkewe bila kupitia kwangu. Leo wananipita hapo mlangoni kama wanapita stoo. Nikikwambia sina kijiba cha roho nitakuwa nakudanganya."

"Ufunguo wa paa?"

Akaonyesha msumari ukutani. Ufunguo ulining'inia, umeshika kutu. "Tangu lile li-sahani liwekwe sijapanda. Nipande kwa magoti haya? Ngazi hizi nikizipanda asubuhi, nitashuka kesho."

"Jana picha ilipokatika ulifanya nini?"

Mama Simu alipanga kitambaa ambacho hakikuhitaji kupangwa.

"Nilicheka," alisema. "Mtu alipita anapiga kelele kwamba mtandao umekatika, nami nikacheka. Nikasema, haya, sasa mtanikumbuka. Sikujua kuna mtu anakata roho. Nilipojua, nilitoka na haya magoti mpaka kwa dereva, nikamwambia washa gari hata bila amri. Muulize."

Inspekta aliamini kicheko kabla ya kuamini habari ya dereva. Mtu mwenye hatia hupenda kujipaka mafuta. Huyu alijipaka masizi.

"Mama, nani mwingine alikuwa na donge?"

"Mwanangu, hospitali hii ina madonge kuliko bakuli la uji mbovu. Lakini wote wanamwonea wivu Fundi. Sasa Fundi naye, anamwonea nani?"

"Nani?"

Mama Simu akamtazama kwa huruma. "Hukuambiwa? Mkunga wa kliniki ni mke wake. Kila jioni, kazi imekwisha, watu wamekwenda makwao, mke yuko ng'ambo anaongea na daktari kwenye kioo. Si dakika mbili. Mimi sisemi kitu. Lakini lisemwalo lipo. Kama halipo, laja."

Walipotoka, Koplo alimnong'oneza Inspekta, "Sababu hiyo, afande."

"Ni uvumi huo. Bado haujawa sababu."

*

Daktari wa uzazi aliwapokea amesimama. Alikuwa mtu mzima kidogo, mwenye ndevu zilizokatwa vizuri na viatu vya gharama. Tableti ilikuwa mezani, kioo kimeelekezwa chini.

"Picha ilipokatika, uliona nini mwisho?"

"Mkono wa Mkunga. Aliuinua kuniuliza kitu." Daktari aliinua wake, glavu ikiwa bado vidoleni, akaushusha. "Tangu jana najiuliza alitaka kuuliza nini."

"Mnaongea kila siku?"

"Kazi inadai."

"Na jioni, kazi ikiisha?"

Daktari alivua glavu polepole kuliko ilivyohitajika. "Hayo ni mambo ya kazi pia."

"Kazi gani inayofanywa wakati zamu imekwisha?"

"Afande, mama amekufa. Niulize kuhusu yeye."

"Ninauliza kuhusu yeye. Jibu."

"Sitajibu hilo. Nikilijibu kuna mtu ataharibikiwa."

"Wewe?"

"Mimi pia," alisema, akafungua mlango.

Koplo alitoka akitabasamu. Inspekta hakutabasamu. Wanaume wenye hawara, alivyowajua yeye, hudanganya vizuri kwa sababu wamejizoeza. Huyu hakuwa amejizoeza hata kidogo.

*

Njia ya kuzunguka mto ilikuwa matope matupu. Gari la polisi lilifika kliniki jua likiwa limeshaanza kuegemea. Ilikuwa nyumba ya vyumba vichache, sakafu inanuka dawa, na wodi moja yenye vitanda vilivyopangana kwa karibu. Mkunga aliwakuta mlangoni. Alikuwa na uso wa duara, na mikono aliyoiosha sana mpaka ngozi imechubuka.

"Poleni na safari. Mume wangu anaendeleaje? Ameweza kuitengeneza?"

"Bado," alisema Inspekta.

"Mwambieni aharakishe. Nina mama mwingine ameanza uchungu wa mbalimbali, na safari zilizopita alipata shida. Jana nilikuwa namuuliza daktari kama niendelee kuvuta kondo au niache. Hilo tu. Sikupata jibu, nikaacha. Sijui kama ningevuta." Hakulia. Alionekana mtu aliyeahirisha kulia mpaka zamu iishe.

Kabla Inspekta hajauliza, sauti ya kike ilitoka wodini, kitanda cha dirishani. "Dada mkunga, dirisha litafunguliwa leo?"

Inspekta aligeuka. Dirisha lilikuwa wazi, pazia linapepea.

"Dirisha gani?"

Mkunga alishika ukingo wa mlango. Kisha akaamua, na sauti yake ikawa ya chini.

"Tableti. Wao wanaiita dirisha. Afande, hawa wamezaa watoto njiti, kabla ya miezi kutimia. Watoto tunawakimbiza hospitali kuu kwenye kisanduku cha joto. Gari lina nafasi ya kisanduku na muuguzi tu, na mama aliyeshonwa hawezi kupita ile barabara. Kwa hiyo mtoto yuko kule, mama yuko huku. Wengine maziwa yanakauka kwa mawazo. Nilimwomba daktari, akikubali, jioni apite na tableti yake kwenye wodi ya watoto, asimame mbele ya kila kisanduku. Na mimi huku ninapita kitanda hadi kitanda."

"Kila jioni?"

"Kila jioni. Kila mama anamwimbia mtoto wake, anamwita jina, anamkaripia kwa nini hanyonyi." Tabasamu likampita usoni likapotea. "Sheria inakataza. Vifaa ni vya matibabu tu, na wodi ya watoto haionyeshwi nje. Daktari ameshapewa onyo mara moja kwa mambo ya aina hiyo. Wakijua, wanamfukuza."

"Mumeo anajua?"

"Hapana. Yeye ndiye mlinzi wa mitambo. Nikimwambia, ama avunje sheria yake mwenyewe au anishtaki mimi. Nikasema nisimweke njia panda." Alimtazama Inspekta. "Kwani kuna nini?"

"Bado tunauliza," alisema Inspekta.

Huko ndani yule mama wa dirishani alikuwa ameketi, amejitengeneza nywele, amejipaka mafuta usoni. Alijipamba kwa ajili ya mtoto asiyeweza bado kufumbua macho.

*

Chumba cha mitambo kilikuwa baridi kwa ajili ya kompyuta. Taa ndogo za kijani zilikuwa zikipepesa upande mmoja, na upande wa kliniki zilikuwa nyekundu. Fundi alikaa mbele ya skrini. Hakusimama walipoingia.

"Naomba nione matumizi ya mtandao wa kliniki, jioni za mwezi huu," alisema Inspekta.

Fundi alibonyeza. Mistari ikapanda na kushuka kama meno ya msumeno. Mchana ilikuwa mifupi, ya hapa na pale. Kila jioni uliinuka mmoja mnene, ukakaa juu kwa muda mrefu, kisha ukaanguka.

"Hii ni nini?"

"Mazungumzo ya picha. Kifaa cha daktari na kifaa cha mkunga."

"Mkunga ambaye ni mkeo. Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Wanaongea nini?"

"Siwezi kujua. Mazungumzo yanafungwa yasisikike njiani. Niliyafunga mimi mwenyewe, ili siri za wagonjwa zisivuje." Alikohoa. "Ninaona urefu. Ninaona saa ya kuanza na saa ya kuisha. Maneno siyaoni."

"Na jana?"

Kidole chake kilielekea kwenye mstari wa mwisho, kikasita. Ulianza mapema kuliko mingine. Ulikuwa umekatwa juu, kama kwa kisu.

"Ungeweza kuukata hapa hapa ulipo, kwa kubonyeza," alisema Inspekta. "Kwa nini mtu apande paani na mvua yote ile?"

Fundi aliondoa kidole kwenye skrini.

"Nikusaidie. Kompyuta inaandika kila unachobonyeza. Upepo hauandiki. Ulilegeza nati, ukageuza sahani, na mkono wako wa ufundi ukazikaza tena kabla hujautuma. Ulitaka kuja kuirudisha baadaye, lakini uwanja ukajaa watu wanaokimbia."

Koplo alisogea mlangoni. Fundi alitazama ile mistari, na aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea usingizini.

"Alikuwa akirudi nyumbani usiku, kwa pikipiki, na furaha ambayo sikumpa mimi. Unaijua furaha hiyo, afande? Anacheka peke yake akiosha vyombo. Namuuliza kuna nini, ananiambia hakuna. Nakuja hapa asubuhi, nauona mstari. Jana umekaa hivi, juzi hivi. Nikaanza kuwahi kazini ili niuone tu. Nilimjengea daraja mke wangu aongee na mwanamume mwingine, na kila siku watu wananipongeza kwa daraja hilo." Alijifuta uso. "Jana walianza mapema. Nikasema, leo hawakungoja hata jua lizame. Nikachukua spana. Sikujua kuna mgonjwa. Naapa, sikujua."

"Ulijua mtandao huo kazi yake ni nini."

Fundi aliinamisha kichwa.

Inspekta alivuta kiti, akakaa karibu naye, akamweleza juu ya watoto njiti. Hakupunguza wala hakutia chumvi. Alimweleza kitanda hadi kitanda, kisanduku hadi kisanduku, na yule mama aliyejipaka mafuta. Fundi alisikiliza mdomo wazi. Halafu alianza kugusa mistari kwenye skrini kwa kidole, mmoja mmoja, kama mtu anayepapasa makaburi gizani akitafuta la kwake.

Mlango ulifunguliwa. Daktari alisimama pale akihema, tableti mkononi.

"Kuna mama anazaa kliniki. Dereva wa gari la wagonjwa amerudi na habari, uchungu umekolea. Nani ataitengeneza hiyo sahani? Fundi mwingine hafiki leo."

Wote walimtazama Inspekta. Picha za nati zilishapigwa, vipimo vilishachukuliwa, na maelezo Koplo ameyasikia kwa masikio yake. Alisimama.

"Panda," alimwambia Fundi. "Koplo, usimwache hatua."

*

Juu ya paa jua lilikuwa la manjano. Fundi alifanya kazi bila kusema, akiisukuma sahani taratibu kwa kiganja huku akisikiliza mlio wa kipimo kidogo kilichoning'inia kifuani. Mlio ulikuwa wa mbalimbali, ukakaribiana, ukaungana ukawa mmoja. Kwenye mikono ya Daktari kioo kikawaka.

"Daktari? Unanisikia?" Ilikuwa sauti ya Mkunga. "Njia imefunguka vizuri, mapigo ya mtoto mazuri, shinikizo la damu la mama limepanda kidogo. Nimpe ile dawa?"

"Pima tena kwanza. Mlaze ubavu wa kushoto."

"Nimeshamlaza."

"Vizuri. Usiondoke karibu naye."

Fundi alikuwa amesimama na spana mkononi, shingo ameielekeza kwenye kioo. Kwa mara ya kwanza alikuwa akiyasikia maneno yenyewe. Hayakuwa na sukari hata chembe.

"Daktari, mume wangu yuko hapo?" alisema Mkunga. "Najua ni mkono wake huo. Mwambie asante. Mwambie leo nitachelewa, ale asiningoje."

Daktari alimtazama Inspekta. Inspekta alitikisa kichwa, kidogo sana: bado asiambiwe.

"Nitamwambia," alisema Daktari, akashuka ngazi na sauti ya Mkunga ikashuka naye.

Fundi alimpa Koplo spana. Akanyoosha mikono mbele, vifundo pamoja, akangoja. Koplo alitoa pingu, lakini Inspekta alimshika mkono.

"Utamwambia lini?" aliuliza Fundi.

"Yule mama akishajifungua. Sitaki mikono ya mkeo itetemeke kabla."

"Naomba nimwambie mimi."

"Utamwambia wewe. Kwa kioo hicho hicho, nami nikiwa pembeni."

Fundi alikaa juu ya ukuta mfupi wa paa. Inspekta akakaa naye, na Koplo, aliyeichukia kesi hii sasa ilipokwisha kuliko alivyoitamani ilipoanza, akaegemea mlango wa ngazi. Wakabaki hapo watatu, wakitega masikio chini, wakingoja mtoto wa mtu alie.